Malengo ya mwaka mpya: namna ya kuyaandika yakafika Desemba

Nina daftari la jalada jeusi ambalo silionyeshi watu. Ukurasa wake wa kwanza, wa Januari, una mstari huu: "Mwaka huu nijifunze gitaa." Januari iliyofuata nimeandika: "Kujifunza gitaa, safari hii kwa dhati." Ya tatu ni neno moja tu, GITAA, kwa herufi kubwa, na nimelipigia mstari mara mbili mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Miaka yote hiyo gitaa lenyewe lilikuwa ndani ya mfuko wake juu ya kabati, linakula vumbi.

Hamu haikupungua, maana hata herufi zilizidi kukua. Kilichokosekana ni siku, saa na kiti. Nilikuwa naandika hamu huku nikidhani naandika lengo, na kila nilipoona hamu haitoshi niliiongezea wino.

Hatua zinazofuata ndizo ninazotumia tangu hapo. Tafuta daftari, kalamu na jioni mbili. Nasema mbili kwa makusudi, na isiwe ile ya tarehe 31 Desemba. Usiku ule mtu huwa mkarimu kupita kiasi, anagawa muda ambao hana.

Hatua ya kwanza: anza na mwaka unaoisha

Januari imepewa jina la Janus, mungu wa malango wa Warumi wa kale, aliyechongwa akiwa na nyuso mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Wengi wetu tunautumia uso mmoja tu.

Fungua kalenda ya simu, picha ulizopiga na taarifa ya akaunti yako ya benki, upite mwezi kwa mwezi. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu inakumbuka wiki tatu za mwisho na ugomvi mmoja wa katikati ya mwaka. Andika majibu ya maswali matatu. Ni jambo gani nililifanya tena na tena bila kusukumwa? Ni lipi nililianza likafa, na lilikufa mwezi gani? Ni nini kilichokula muda au fedha bila mimi kukubali?

Swali la pili ndilo lenye dawa. Kwa uzoefu wangu, lengo lililokufa kabla ya mwisho wa Februari lilikuwa mzigo mkubwa mno tangu siku ya kwanza. Lililokufa katikati ya mwaka lilikuwa zuri tu, ila kuna kitu kilibadilika, safari au ugonjwa au zamu mpya kazini, na mpango haukuwa na njia ya kurudi. Haya ni maradhi mawili tofauti, na tiba zake hazifanani. Ukiyaweka yote kwenye kapu la "mimi ni mvivu", mwakani utarudi palepale.

Hatua ya pili: hesabu saa kabla ya kuhesabu malengo

Mali bila daftari huisha bila habari, na muda ni mali. Wiki ina saa 168 kwa kila mtu. Chora mstari katikati ya ukurasa, utoe kimoja kimoja. Hii hapa ni hesabu yangu ya mwaka ule nilipoamua kuacha kujidanganya.

Usingizi saa 8 kwa siku, jumla 56. Zikabaki 112. Kazi na njia ya kwenda na kurudi, saa 10 kwa siku tano, jumla 50. Zikabaki 62. Kula, kuoga, kufua, kupika na kufagia, saa 4 kwa siku, jumla 28. Zikabaki 34. Hapo nikatabasamu, saa 34 ni utajiri! Kisha nikafungua sehemu ya simu inayoonyesha muda wa matumizi nikakuta wastani wa saa 3 kwa siku. Saa 21 hizo. Zikabaki 13, na hapo bado sijamtembelea mtu wala kuugua mafua.

Sikushauri uifute simu yote kwenye hesabu. Ukiandika kwamba kuanzia Januari utaitumia dakika kumi tu kwa siku, umeshaongeza lengo jingine gumu juu ya yale uliyonayo, na mengine yote yanalitegemea hilo. Panga kwa saa ulizonazo leo. Zikiongezeka, ni faida.

Sasa gawanya. Lengo la maana linaomba kama saa tatu kwa wiki. Malengo matatu ni saa tisa, yanaingia kwenye 13 na nafasi ya kupumua inabaki. Malengo matano ni saa 15. Hayaingii, hata uyaandike kwa wino wa dhahabu.

Hatua ya tatu: mwaga yote, kisha kata

Andika kila unachokitamani bila kuchuja, hata mambo ishirini. Liache daftari lilale usiku mmoja. Jioni ya pili, soma kila mstari ukijiuliza: hili nisipolifanya, nani atajua? Ukikuta jibu ni "watu watanisema", lifute. Ukikuta jibu ni "mimi nitajua, na litaniuma", liache.

Usizidishe matatu, na kama mwaka una jambo kubwa tayari, mtoto mchanga, mtihani, msiba uliokaribu, chukua moja. Kupanga ni kuchagua. Yaliyobaki yahamishie ukurasa wa nyuma wenye kichwa "Baadaye". Usiyachane, kwa sababu ukijua yamehifadhiwa mahali hayatakusumbua sana.

Hatua ya nne: geuza hamu iwe tendo

Hapa ndipo nilipopotelea miaka mitatu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1968 hoja ambayo yeye na Gary Latham waliendelea kuipima kwa miongo kadhaa: lengo mahususi lililo gumu humfanya mtu atende zaidi kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Hilo la kujitahidi lina kasoro moja kubwa. Halina mahali pa kushindwa, kwa hiyo halina pia mahali pa kufika. Leo umejitahidi, jana ulijitahidi, na gitaa liko juu ya kabati.

Pengine umewahi kusikia kwenye semina kwamba lengo liwe mahususi, lipimike na liwe na muda. Orodha hiyo ilitoka kwenye makala ya George Doran ya mwaka 1981, aliyewaandikia mameneja wa makampuni. Ni orodha nzuri, lakini meneja ana watu wa kumfanyia kazi. Wewe mwenye lengo ndiye mfanyakazi pekee uliyenaye, na huyo anahitaji kuambiwa afanye nini saa ngapi. Kwa hiyo mimi huligeuza kila lengo mara tatu.

Geuzo la kwanza ni kutoka sifa kwenda kipimo. "Niwe msomaji" ni sifa. "Nisome kurasa kumi kwa siku" ni kipimo, na kwa mwaka ni kurasa 3,650. Hakuna haja ya kuandika idadi ya vitabu. Niliwahi kuandika 24, na ilipofika Oktoba nikawa nachagua vijitabu vyembamba ili hesabu itimie.

La pili ni kutoka matokeo kwenda tendo. "Nipunguze kilo kumi" ni matokeo, na mwili una mambo yake. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa mizani isisogee wiki mbili, ukakata tamaa ukiwa kwenye njia iliyonyooka. "Nitembee kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki" ni tendo lililo mikononi mwako, na jumla yake ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Ndivyo ilivyo hata kwa fedha. "Niwe na akiba" haielekezi chochote. "Asilimia 5 ya kila mapato ihamie akaunti ya akiba siku hiyohiyo yanapoingia" inaelekeza kila kitu. Matokeo yaandike pembeni kwa herufi ndogo, ujue unaelekea wapi, lakini unachokiwekea alama ni tendo.

La tatu ni kutoka kuacha kwenda kufanya, na watu wengi huliruka. Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya elfu moja walioweka maazimio ya mwaka mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Baada ya mwaka, kati ya walioazimia kufanya jambo, asilimia 58.9 walijiona wamefanikiwa. Kati ya walioazimia kuepuka jambo, ni asilimia 47.1. Ukiandika "niache kukesha na simu", kila usiku unapambana na simu, na simu haichoki. Andika hivi: "Saa nne usiku naichomeka simu chaji sebuleni, naingia chumbani na kitabu." Sasa mikono ina kazi.

Angalizo moja hapo: kama unachotaka kuacha ni pombe ya kila siku au dawa inayolevya, daftari peke yake halitoshi, na kuacha ghafla kunaweza kudhuru. Muone daktari kwanza.

Hatua ya tano: lipe lengo anwani

Tendo lisilo na saa ni kama barua isiyo na anwani, haimfikii mtu. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliipima mbinu nyepesi kabisa: andika sentensi yenye "kama" na "basi". Kama hali fulani ikitokea, basi nitafanya jambo fulani. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hii, wakakuta inasaidia, tena kwa kiasi cha kuonekana wazi. Sababu yake ni rahisi: uamuzi umeshafanywa mapema, ukiwa na akili tulivu. Saa mbili usiku, umechoka, huulizwi tena "unajisikia?" Tukio lenyewe linakuamsha.

Sentensi yangu ya gitaa ilikuwa hii: "Kama nimemaliza kuosha vyombo vya usiku, basi nakaa kwenye kiti cha dirishani na kupiga gitaa dakika kumi na tano, Jumatatu hadi Alhamisi." Jumla saa moja kwa wiki. Niliona aibu kuiandika baada ya zile herufi kubwa zilizotoboa karatasi. Lakini ndiyo iliyofanya kazi.

Angalia kwamba sikuandika "saa mbili kamili". Vyombo kuna siku vinaisha saa mbili, kuna siku saa tatu kasoro. Kilichofunga mpango ni tukio ambalo hutokea kila siku lenyewe, si mshale wa saa. Chagua tukio kama hilo kwenye maisha yako: kupiga mswaki, kuvua viatu ukirudi kazini, kumpeleka mtoto kitandani. Liwe la uhakika. "Nikipata nafasi" si tukio.

Andika pia "kama" moja ya kikwazo. Fikiri kitu kimoja chenye uwezekano mkubwa wa kukuzuia, ukijibu mapema. "Kama kuna wageni, basi napiga dakika tano baada ya kuwaaga." "Kama mvua inanyesha, basi napanda na kushuka ngazi za jengo." Kikwazo kimoja au viwili vinatosha. Ukiandika kumi utakuwa umeandika visingizio.

Hatua ya sita: sogeza vitu

Hii ni fupi. Nililitoa gitaa kwenye mfuko, nikaliegemeza ukutani kando ya kile kiti. Basi. Kabla ya hapo, kupiga gitaa kulihitaji kupanda juu ya stuli, kushusha, kupangusa vumbi, kufungua zipu na kukaza nyuzi. Fanya lile unalotaka liwe karibu na mkono, na lile usilotaka liwe mbali kwa hatua ishirini. Viatu vya kutembea vikae mlangoni. Programu inayokupotezea muda iondoe kwenye ukurasa wa kwanza wa simu.

Hatua ya saba: punguza, kisha anza

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya kosa la kukadiria: tunapopanga kazi tunaiwazia ikienda vizuri, hata kama zilizotangulia za aina hiyohiyo zote zilichelewa. Jumba la Opera la Sydney lilitarajiwa kukamilika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa mwaka 1973 na kugharimu milioni 102. Wahandisi na serikali nzima walikuwa wamekaa na karatasi. Mimi na wewe tuna daftari na kalamu.

Kanuni yangu ya jikoni: chochote ulichoandika kufanya kwa wiki, kikate kwa theluthi moja katika miezi miwili ya kwanza. Umeandika siku sita? Anza na nne. Utaona kama unajidhulumu, hasa Januari ukiwa na moto. Vumilia. Mwezi wa tatu unaruhusiwa kuongeza, na wanaofika mwezi wa tatu ni wachache kuliko unavyodhani.

Hatua ya nane: panga kuanguka

Februari mwaka ule, uzi wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba, ulikatika. Ulinichapa kidoleni. Nikaliegemeza ukutani nikisema kesho nitanunua mwingine. Ilichukua siku kumi na moja. Uzi haukuwa ghali wala adimu. Niligundua tu kwamba siku ya kwanza ilikuwa ya uzi, na zile kumi zilizofuata zilikuwa za aibu ya siku ya kwanza.

Mwanasaikolojia John Norcross na mwenzake waliwafuatilia watu 200 walioweka maazimio, wakaandika mwaka 1989: wiki moja baadaye asilimia 77 walikuwa bado wameyashika, na baada ya miaka miwili wakabaki asilimia 19. Takwimu hiyo inapenda kunukuliwa ili kutisha. Nusu ya pili ya matokeo yaleyale hainukuliwi sana: kati ya waliofaulu, zaidi ya nusu waliteleza angalau mara moja, na wastani wa kuteleza katika miaka miwili ulikuwa mara 14. Waliofaulu nao walianguka, tena sana. Walichofanya ni kurudi.

Utasikia pia kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Watu wakalidondosha lile "angalau" njiani, na sura wakaiacha pia. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwaangalia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea moja la kila siku. Wastani wa muda mpaka tendo lijiendee lenyewe ulikuwa siku 66, lakini kutoka mtu hadi mtu ulianzia 18 hadi 254. Ukianza tarehe 1 Januari, siku ya 66 ni tarehe 7 Machi, na ya 254 ni tarehe 11 Septemba. Ziweke zote mbili kwenye kalenda, usije ukajiita mzembe katikati ya Februari. Wakaona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo andika kanuni ya kurudi sasa hivi, kabla hujaanguka. Yangu ina sehemu mbili. Kwanza, nikikosa siku moja sifidii, sipigi nusu saa kesho yake, napiga zilezile kumi na tano. Madeni ndiyo yanayoua malengo. Pili, nikikosa mara mbili mfululizo, siku ya tatu nafanya kipimo cha mgonjwa: dakika mbili tu, hata kama ni kugusa nyuzi na kuziweka sawa. Weka kipimo cha mgonjwa kwa kila lengo. Ukurasa mmoja. Kuvaa viatu na kuzunguka nyumba mara moja. Sarafu moja kwenye akiba.

Hatua ya tisa: kikao cha mtu mmoja

Dakika kumi na tano kila mwisho wa wiki, siku ileile, kiti kilekile. Weka alama kwa matendo uliyofanya, andika sentensi moja kueleza kilichokwama, kisha tazama wiki ijayo: kuna safari? kuna mgeni? Sogeza mapema. Mimi natumia vijiti vya penseli, kijiti kimoja kwa kila siku niliyopiga. Programu za simu zenye rangi na tarumbeta zipo, na kama zinakufaa tumia, ila mimi nikiishika simu kuweka alama natoka humo baada ya nusu saa.

Kama unataka kumwambia mtu lengo lako, mwambie mmoja atakayekuuliza "wiki hii umefanya mara ngapi?" Usitafute wa kukupongeza kwa kuwa umelitangaza. Pongezi za mapema ni tamu, na mtu aliyeshiba hapiki.

Kila baada ya miezi mitatu, kikao kiwe kirefu kidogo, na kiwe na ruhusa ya kufuta. Lengo ulilolichagua Desemba lilichaguliwa na mtu ambaye hakujua ya Aprili. Ukiamua kulifuta, lipige mstari mmoja unaosomeka, uandike pembeni tarehe na sababu. Lisife kimyakimya kama mengine, kwa sababu utalihitaji mwisho wa mwaka kwa hatua ya kwanza.

Na kama unasoma haya Machi au Agosti, usingoje Januari. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hupata msukumo mpya mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi na baada ya siku ya kuzaliwa, siyo mwaka mpya peke yake. Jumatatu ijayo inatosha. Fanya hatua ya pili na ya nne mwisho wa wiki hii, nyingine utazijaza ukiwa njiani.

Gitaa bado liko kando ya kiti. Nyimbo tatu nazipiga bila kutazama vidole, ya nne inanishinda katikati, na kwenye droo kuna pakiti mbili za nyuzi za akiba.